Matt Talbot, kibarua aliyejifunza kusali kila siku

Wakristu wengi hudhani kwamba sala ya kila siku ni kazi ya mapadri, mabruda na masista, kwa kuwa hao wanayo kengele ya kuwaamsha na kikanisa cha kuingia. Mtu wa kazi hutoka nyumbani alfajiri, hurudi jioni mwili umechoka. Basi, hujiuliza, atasali saa ngapi? Maisha ya Matt Talbot ni jibu kwa watu hao. Alikuwa kibarua katika mji wa Dublin, nchi ya Ayalandi. Hakuwa padri, wala hakukaa katika monasteri. Hakuwa na mali. Alibeba matofali na mbao hata uzeeni mwake. Tena kabla ya kuwa mtu wa sala alikuwa mlevi, na ulevi wake ulijulikana na wote waliofanya kazi pamoja naye. Lakini mtu huyo, alipofikia umri wa miaka 28, alimrudia Mungu, akaanza kusali kila siku, akadumu katika desturi hiyo miaka 41, mpaka saa ya kufa kwake.

Utoto wake na ulevi wake

Matt, yaani Mathayo, alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, akabatizwa siku tatu baadaye. Baba yake aliitwa Charles, mama yake Elizabeth. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa 12, na Matt alikuwa wa pili. Mshahara wa baba haukutosha kulisha vinywa vingi namna hiyo, na sehemu yake iliishia penye pombe. Jamaa hiyo ilihama mara nyingi kutoka chumba kimoja hadi kingine katika mitaa ya maskini. Mama alikuwa mtu wa imani na uvumilivu, naye aliwafundisha watoto wake sala za kikristu.

Matt hakukaa shuleni siku nyingi. Alipata kujua kusoma kidogo tu, na alipokuwa na miaka kama 12 akaajiriwa kwa wafanyabiashara wa mvinyo na pombe. Kazi yake ilikuwa karibu na chupa, naye akaanza kuonja mabaki yake. Baba yake alipoona kijana anarudi nyumbani amelewa, alimpiga, kisha akamhamisha, akampa kazi mahali alipofanya kazi yeye mwenyewe, katika maghala ya bandari. Lakini huko kulikuwa na wiski, na kijana akatoka katika ulevi mdogo akaingia katika ulevi mkubwa. Mwisho akaacha kazi hiyo, akawa mbeba matofali na chokaa kwa waashi.

Tangu hapo desturi yake ilikuwa moja. Saa ya kazi ilipokwisha, miguu yake ilimpeleka mahali pa pombe. Siku ya mshahara alipeleka fedha yote huko huko, na mama yake akapata kidogo au asipate kitu. Fedha ilipokwisha, alikunywa kwa deni. Alipokataliwa deni, aliweka rehani hata viatu vyake, akarudi nyumbani miguu mitupu. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya maskini mmoja aliyepata chakula chake kwa kupiga muziki barabarani, wakaiuza ili wapate kunywa. Kosa hilo lilimchoma moyo wake maisha yake yote.

Hata hivyo hakuwa mvivu. Alifanya kazi kwa nguvu, wala hakuacha kwenda Misa siku ya Dominika. Lakini hakuungama wala hakupokea Komunyo kwa muda wa miaka kadhaa. Imani ilibaki moyoni mwake kama kaa la moto lililofunikwa na majivu.

Jumamosi moja ya mwaka 1884

Katika mwaka 1884 ilitokea kwamba Matt hakufanya kazi juma zima, basi hakuwa na fedha. Siku ya Jumamosi alisimama barabarani pamoja na ndugu zake, karibu na nyumba ya pombe, saa ambayo vibarua hupita wakiwa wamepokea mshahara. Alijua kwamba wenzake watamwita, kwa kuwa yeye, alipokuwa na fedha, aliwanywesha wote. Wakapita mmoja mmoja, wakamsalimu, wakaingia. Hakuna aliyemwita.

Matt aliona uchungu mkubwa. Kiu ilimtesa, lakini dharau ya rafiki zake ilimtesa zaidi. Akawaacha pale, akarudi nyumbani mchana, naye ana akili timamu. Mama yake alistaajabu kumwona saa hiyo hajalewa. Baada ya kula, Matt alimwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alimwonya asiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuishika. Kisha akamwacha aende, akimwombea msaada wa Mungu.

Akaenda mpaka chuo cha mapadri cha Clonliffe. Huko aliungama dhambi zake, akaahidi kutokunywa pombe kwa muda wa miezi mitatu. Hakuthubutu kuahidi zaidi. Kesho yake, Dominika, alipokea Komunyo takatifu baada ya miaka mingi ya kukaa mbali na meza ya Bwana.

Miezi mitatu ya kwanza

Mtu akisoma kwamba Matt alidumu miaka 41, aweza kudhani kwamba neema ilimwondolea kiu mara moja. Haikuwa hivyo. Miezi ile ya kwanza ilikuwa vita. Alimwambia mama yake wazi kwamba miezi mitatu ikiisha atakunywa tena. Kila jioni kazi ilipokwisha, saa ya zamani ilifika, na mwili ukadai ulichozoea. Matt aliona kwamba kusema hapana peke yake hakutoshi. Ile saa ilikuwa tupu, na saa tupu hurudiwa na mwenyewe wa zamani. Bwana wetu Yezu Kristu alikwisha kufundisha habari hiyo katika Injili, alipoeleza juu ya pepo mchafu anayerudi na kuikuta nyumba imefagiwa, nayo haina mtu.

Basi Matt akaijaza saa ile. Jioni, badala ya kuelekea mahali pa pombe, alitembea mpaka kanisani, akakaa mbele ya Sakramenti Takatifu mpaka saa ya kulala. Na asubuhi, kabla ya kazi, akaanza kwenda Misa kila siku, saa kumi na moja alfajiri, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri la mapadri Wayezuiti. Hivyo siku yake ikawa na nguzo mbili: Misa mwanzoni, sala mwishoni, na kazi katikati.

Jioni moja alikaribia kuanguka. Aliingia katika nyumba ya pombe, na fedha alikuwa nayo mfukoni. Mahali hapo palikuwa na watu wengi, na wauzaji walikuwa na shughuli, hakuna aliyemhudumia. Akangoja, kisha akatoka kwa haraka, akaenda kanisani, akakaa humo mpaka milango ilipofungwa. Tangu siku hiyo alifanya shauri la kutotembea na fedha mfukoni. Tendo hilo lilikuwa dogo, lakini busara ilikuwamo. Aliyejua udhaifu wake hakuacha mlango wazi, kisha amwombe Mungu azuie mwizi.

Waandishi wa maisha yake wanasimulia pia juu ya Dominika moja alipokuwa karibu kupokea Komunyo. Ghafula alishikwa na mawazo ya kukata tamaa. Moyoni mwake aliona kana kwamba juhudi zake zote ni bure, na kwamba lazima ataurudia ulevi. Akatoka kanisani. Akaingia kanisa jingine, mawazo yale yakamfuata. Mwishoni alirudi kwenye kanisa la Wayezuiti, akajilaza kifudifudi mbele ya mlango, mikono imenyoshwa kama msalaba, akamwomba Yezu amhurumie, akamlilia Bikira Maria Mama wa Mungu. Hofu ikamwacha. Akainuka, akaingia, akapokea Komunyo. Matt hakushinda jaribu hilo kwa kulijibu kwa maneno mengi. Alilishinda kwa kurudi tena mahali pale pale pa sala.

Miezi mitatu ikaisha, wala hakunywa. Akaiweka ahadi upya kwa muda mwingine, kisha akaiweka kwa maisha yake yote. Hivyo alipanda kama mtu apandaye ngazi: hakuruka, alikanyaga kila kidato.

Alilipa madeni yake

Sala ya kweli huzaa haki. Matt alipoanza kuwa na fedha, alizunguka kwa wale aliokunywa kwao kwa deni, akawalipa. Alimtafuta pia yule mpiga fidla. Alimtafuta miaka mingi katika mitaa ya Dublin, wala hakumwona. Mwisho akadhani kwamba amekufa, akatoa fedha zake ili Misa zisomwe kwa ajili ya roho yake.

Mama yake, aliyevumilia ulevi wa mwanae miaka mingi, alipata faraja ya kukaa naye uzeeni, naye alimtunza mpaka alipokufa mwaka 1915. Matt hakuoa. Mwanamke mmoja mcha Mungu alimwomba wafunge ndoa. Matt alifanya kwanza novena, kisha akamjibu kwa upole kwamba ameona wito wake ni kukaa peke yake.

Siku moja ya Matt Talbot

Kwa mwaka na mwaka desturi yake ilikua. Aliamka saa nane usiku, akapiga magoti na kusali muda wa saa mbili hivi. Kisha akavaa, akaenda kungoja mlango wa kanisa ufunguliwe, akapiga magoti nje hata wakati wa baridi. Baada ya Misa alikwenda kazini. Ilipotokea kwamba Misa ya kwanza ya kanisa lile imesogezwa mbele, akaona kwamba ataikosa kwa sababu ya saa ya kazi. Basi, yapata mwaka 1892, akahamia ghala la mbao la T. & C. Martin, ambako kazi ilianza saa mbili asubuhi. Watu wengi hubadili saa ya sala ili wapate kazi nzuri. Yeye alibadili kazi ili asipoteze Misa.

Katika ghala hilo alibeba mbao na kupakia magari. Mzigo ulipochelewa kufika, alijificha kati ya marundo ya mbao akapiga magoti kidogo. Wenzake walijua, lakini hakuwachosha kwa mahubiri. Mtu alipotaja jina la Yezu bila heshima, Matt aliinua kofia yake, na tendo hilo likatosha. Hakuna aliyeweza kusema kwamba kibarua wa sala alimwachia mwenzake upande mzito wa ubao. Hata katika mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa Dublin mwaka 1913 alikuwa pamoja na wenzake. Na fedha ya msaada aliyopewa na chama cha wafanyakazi aliwagawia waliokuwa na watoto.

Jioni alipita kanisani, kisha akarudi chumbani mwake. Alikula kidogo, akasali na kusoma mpaka saa nne na nusu usiku. Kitanda chake kilikuwa ubao, na mto wake kipande cha mti.

Jambo la kusoma lastahili kukumbukwa. Mtu huyu aliondoka shuleni akiwa mtoto, naye hakujua kusoma vizuri. Lakini kwa kuwa alitaka kumjua Mungu, alijifunza polepole, ukurasa kwa ukurasa. Kabla ya kufungua kitabu alimwomba Roho Mtakatifu amwangazie. Alisoma Biblia, maisha ya watakatifu, na hata Maungamo ya Mtakatifu Augustino, ambaye naye alivunja minyororo ya desturi mbaya. Maneno yaliyomgusa aliyaandika katika vipande vya karatasi. Padri Michael Hickey, mwalimu katika chuo cha Clonliffe, alimwongoza katika mambo ya roho. Mwaka 1890 aliingia katika Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ambao ni wa wakristu wanaoishi ulimwenguni.

Mshahara wake alitumia kidogo sana kwa chakula na nyumba. Sehemu kubwa aliwapa maskini na misioni. Alipougua moyo mwaka 1923, akalazwa hospitali, kisha akakaa miezi mingi bila kazi. Hospitalini masista walimtafuta kitandani wasimwone. Walimkuta katika kikanisa. Mwezi wa Desemba 1924, akiwa bado mgonjwa na maskini, alipeleka pauni moja kwa ajili ya misioni ya China, na dada yake akaongeza shilingi kumi.

Kifo chake njiani

Tarehe 7 Juni 1925 ilikuwa Dominika ya Utatu Mtakatifu. Matt, mwenye umri wa miaka 69, alikwisha kuhudhuria Misa asubuhi mapema. Akarudi chumbani, kisha akatoka tena kwenda Misa nyingine katika kanisa la Wadominiko. Katika njia nyembamba iitwayo Granby Lane alianguka, akafa. Waliokusanyika hawakumjua. Hakuwa na karatasi ya jina; alionekana mzee maskini tu.

Mwili wake ulipopelekwa hospitali, waliomvua nguo walistaajabu. Chini ya nguo zake alikuwa amevaa minyororo, pamoja na medali. Alikuwa amesoma kitabu cha Mtakatifu Luis Maria wa Montfort juu ya ibada ya kweli kwa Bikira Maria, akapenda kuwa mtumwa wa Maria ili awe wa Yezu kabisa. Minyororo ilikuwa alama ya utumwa huo wa mapendo. Kanisa halimwagizi kila mkristu kufanya kama yeye katika jambo hilo. Wala kufunga sana na kulala juu ya ubao si sheria kwa wote. Matt mwenyewe aliyaficha mambo hayo, na kama asingekufa barabarani, labda yasingejulikana kwa watu.

Alizikwa tarehe 11 Juni, sikukuu ya Mwili wa Kristu, amevikwa vazi la Utawa wa Tatu. Watu wachache walimsindikiza. Lakini habari zake zilienea Dublin, kisha katika nchi nyingine, na watu waliofungwa na pombe wakaanza kumwomba awasaidie. Mwaka 1931 uchunguzi wa maisha yake ulianzishwa. Mwaka 1972 mwili wake ulihamishiwa kanisa la Bikira Maria wa Lurdi, mjini Dublin. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitangaza kwamba mtumishi huyo wa Mungu aliishi fadhila za kikristu kwa namna ya kishujaa.

Mafundisho ya maisha haya

Wahenga walisema kwamba bandu bandu humaliza gogo. Matt, mtu wa mbao, aliishi methali hiyo. Ulevi wake haukuingia siku moja; uliingia kwa tone, kila siku saa ile ile. Na sala haikuingia siku moja. Iliingia kwa njia ile ile, kila siku saa ile ile. Desturi mbaya haiondoki mpaka desturi njema ikalie kiti chake.

Basi, mkristu anayetaka kusali kila siku asianze kwa kuiga saa nane za usiku za Matt mzee. Aanze kama Matt kijana, kwa ahadi fupi anayoweza kuishika. Achague saa yake: sala ya asubuhi kabla ya kushika jembe au chombo cha kazi, na sala ya jioni pamoja na jamaa yake. Achague mahali pake, hata kama ni pembe ya chumba penye msalaba. Walio karibu na kanisa waone kama Misa ya asubuhi haiwezekani kwao. Walio mbali wasali Rozari njiani na shambani. Aliyejua ni saa gani ya siku humwangusha, aijaze saa hiyo kwa sala, tena aondoe mfukoni kile kinachomvuta.

Na siku atakayoshindwa asiseme kwamba yote yamekwisha. Matt alisimama mlangoni pa kanisa akiwa na moyo uliovunjika, akaingia. Mungu hamwulizi mtu wa sala kama hakuchoka. Humngoja arudi, kesho, saa ile ile.

Nao wenye ndugu mlevi nyumbani wamkumbuke Elizabeth Talbot. Alivumilia, akasali, na siku ile mwanae alipotaka kuinuka, hakumcheka. Alimkumbusha uzito wa ahadi, akamkabidhi kwa Mungu, akamfungulia mlango aende kuungama.